Kipupwe Kikiingia, Bwawa la Nyumbani Halilali

Ukiniona leo nimekaa kitako kuandika habari za mabwawa ya kuogelea, usije ukadhani nimetajirika. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumba yangu hapa Frere Town ina vyumba vitatu na tangi moja la maji, na kuogelea nilijifunza utotoni katika maji ya bure ya bahari, kule chini karibu na daraja la Nyali. Bwawa ninalotaka kulizungumzia ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye riziki yake iko Maskati. Alijenga nyumba upande wa kuelekea Nyali, akachimba bwawa uani, kisha akanikabidhi funguo na kuniambia, "Shemeji, nyumba hii ni amana yako mpaka nitakapokuja Disemba."

Amana ni neno zito. Uzito wake niliujua katika kipupwe cha mwaka 2017, nilipokaribia kuligeuza bwawa la watu kuwa kiwanda cha maradhi kwa mtaa mzima. Na kwa kuwa najua wako wengi walioachiwa nyumba kama hii, toka Shanzu mpaka Diani, nimeona si vyema kunyamaza.

Kwa wasioijua Frere Town, mtaa huu ulianzishwa na wamishenari wa Kiingereza wa CMS mwaka 1875 ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Ulipewa jina la Bartle Frere, ambaye mwaka 1872 alitumwa Unguja kumshawishi Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa baharini. Kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake mpaka hivi leo. Siku hizi tunakaa hapa watu wa dini zote na kabila zote, nyumba ya bati imepakana na jumba la ghorofa, ukuta kwa ukuta. Shika hilo la ukuta kwa ukuta, maana ndilo msingi wa kisa changu.

KIJITABU CHA ULAYA

Mtambo wa kusukumia maji katika bwawa lile ulitoka Ulaya, na ulikuja na kijitabu chake. Ndani yake mlikuwa na sura nzima juu ya kulifunga bwawa wakati wa baridi. Wenzetu wa huko, majira ya baridi yakiingia, maji huganda yakawa barafu. Kwa hiyo huyapunguza maji ya bwawa, huyatoa yale yaliyobaki katika mabomba yasije yakaganda na kuyapasua, hutia dawa, huzima mtambo, kisha hulifunika bwawa kwa turubai na kulisahau mpaka jua lirudi. Kwao ni sawa kabisa. Baridi ile hulaza kila kitu, mimea na wadudu pamoja.

Mimi niliisoma sura ile mwezi wa Mei, mvua inanyesha usiku na mchana. Hakuna aliyekuwa akiogelea. Bili ya stima ilikuwa imenitoa jasho, na dawa ya klorini ilikuwa imekwisha. Nikajiambia, "Alhamdulillahi, ufumbuzi umepatikana." Nikazima mtambo. Nikanunua turubai kubwa, nikalitandaza juu ya bwawa, nikalikaza kwa kamba na mawe pembeni. Nikafunga geti nikarudi kwangu kujitayarisha na Ramadhani, ambayo mwaka huo iliingia mwishoni mwa Mei.

Kosa halikuwa la kijitabu, lilikuwa langu. Nilisoma neno baridi na nisijiulize ni baridi ya wapi. Sisi tuna masika yanayoanza Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Upepo wa kusi ukishika nguvu, basi toka Juni hadi Agosti ndicho kipupwe chetu. Hapo kina mama huongeza leso ya pili mabegani, na wazee huenda sala ya alfajiri wamevaa makoti. Walakini hata usiku wa baridi kuliko yote, ni nadra kipimo cha hewa cha Mombasa kushuka chini sana ya digrii 20 za Selsiasi. Kwa mtu wa pwani hiyo ni baridi. Kwa mbu ni starehe.

RAMADHANI YA HOMA

Mwezi huo huo wa Mei ilitangazwa kwamba homa ya dengi imezuka Mombasa. Wengi wetu tulilisikia jina hilo kama la kigeni, kumbe huenda ni letu. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, aliandika kwamba maradhi ya homa na maumivu ya viungo yaliyoenea huko mwaka 1870 Waswahili waliyaita kidinga popo, na kwamba wazee walikumbuka maradhi ya namna hiyo mwaka 1823. Wako wataalamu wanaosema kwamba neno hilo ndilo lililovuka bahari mpaka visiwa vya Karibi, likaingia katika Kihispania, na hatimaye likaturudia likiwa dengi. Ndugu yake, chikungunya, naye jina lake ni la kwetu. Limetoka katika Kimakonde baada ya maradhi hayo kutambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953, kwa jinsi yanavyompinda mgonjwa. Nayo pia yaliingia Mombasa mwishoni mwa mwaka huo wa 2017.

Katika kumi la pili la Ramadhani, binti wa jirani wa nyumba ya shemeji, mtoto wa miaka tisa, alishikwa na homa. Kichwa kilimuuma nyuma ya macho, viungo vikamlegea, akawa halii tena, anagugumia tu. Mama yake ni mjane anayepika viazi vya karai na bajia za kuuza saa za futari. Siku tatu hakupika. Majirani tulichanga, mtoto akapelekwa hospitali, na kwa rehema za Mola akapona, ingawa alitoka amekonda na shule ilikuwa imempita.

Nami nilikwenda kumjulia hali. Nilibeba tende na machungwa, nikakaa mkekani, nikatikisa kichwa pamoja na wenzangu tukilaumu mitaro iliyoziba, tukilaumu taka, tukilaumu wakubwa. Ukuta wa pili yake palikuwa na bwawa la shemeji yangu chini ya turubai. Wala halikunijia akilini.

MPIRA ULIOANGUKIA TURUBAINI

Siku ya Idd, baada ya sala na mikono ya heri, dada yangu alinipigia simu kutoka Maskati. Akaniomba nifungue geti ili watoto wa mtaa wakacheze uani, kama ilivyo desturi akiwapo yeye. Nikafungua. Walikuja wamevaa kanzu na madira mapya, na haikupita nusu saa mpira ukaruka ukaangukia katikati ya turubai. Kijana mmoja wa miaka saba au minane akaukunja mguu wa suruali aende kuuchukua. Kwa macho yake ile ilikuwa sakafu ya rangi ya buluu.

"We! Simama hapo hapo!"

Aliyepiga kelele ni mzee mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Lamu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiangalia birika la msikiti. Alikuwa amekuja kunipa mkono wa Idd. Mtoto akaganda. Mzee akachukua upondo wa kuchumia maembe, akaubonyeza kwenye turubai, nalo likazama kama godoro. Lau mtoto yule angekanyaga hatua mbili, turubai lingemkunja, na chini yake mlikuwa na maji yanayompita kimo.

Miguu iliniisha nguvu. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Aliinama akatazama yale maji ya mvua yaliyotuama juu ya turubai, katika mikunjo yake. Yalikuwa masafi, meupe kama ya kunywa. "Njoo utizame, mwalimu," akaniambia. Nikainama. Maji yalikuwa yakicheza. Viluwiluwi vya mbu, mamia kwa mamia, vinapanda na kushuka. Tukafungua pembe moja ya turubai, na chini yake bwawa lilikuwa la kijani kibichi kama mchuzi wa kisamvu, lina majani yaliyooza ya mkungu, vyura wanne, na viluwiluwi vya aina nyingine.

Baadaye nilikuja kufahamishwa kwamba mbu wa dengi hupenda hasa maji machache na safi, kama yale ya mikunjoni, wala haruki mbali. Aghalabu huishi ndani ya mita mia chache kutoka alikozaliwa. Maana yake nini? Maana yake mbu niliowafuga mimi hawakwenda kumuuma mwenye bwawa kule Maskati, wala hawakunifuata mimi kwangu. Walipanda ukuta tu.

SAMAKI WA BIRIKANI

Kijana mmoja aliyekuwapo alitaka kunifariji. Akasema, "Mwalimu, maji haya hayana neno. Ni zaidi ya kullatayni."

Sote tuliosoma chuoni tulijua anakusudia nini. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yakiwa mengi kiasi hicho hayanajisiki ila najisi ikiyabadilisha rangi, ladha au harufu. Na yakibadilika kwa sababu ya kukaa tu, au kwa utelezi uliootea humo humo, hayatoki katika utohara wake. Kwa hiyo kijana hakukosea. Mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, umesema kweli, maji ni tahiri. Lakini mbu naye ukimuuliza atakwambia ni tahiri. Hapa hatuulizi habari ya udhu, twauliza habari ya jirani."

Kisha akatueleza mambo ambayo mimi, pamoja na usomi wangu wote, nilikuwa nimeyaona Lamu kwa macho nisiyaelewe. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, chooni mna birika la maji. Ukitazama chini yake utakuta bakuli la kaure la Kichina limejengewa ndani ya sakafu. Mgeni hudhani ni pambo. Sivyo. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na maji yanapopungua yakakaribia kwisha, yale yanayobaki katika bakuli huwahifadhi samaki mpaka birika lijazwe tena. Mabirika ya misikiti nayo yalikuwa na samaki wao. Yeye mwenyewe aliwahi kuwalisha makombo ya mkate siku ambazo viluwiluwi havikuwapo.

"Wazee wetu," alisema, "hawakuyaacha maji peke yake hata siku moja. Ikiwa mtu hayatumii, basi samaki anayalinda."

Mimi, kwa tabia ya ualimu, nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona basi mwaka 2004 chikungunya iliwaangusha Lamu nzima?" Maana ni kweli. Uchunguzi uliofanywa baada ya maradhi yale ulikadiria kwamba watu watatu katika kila wanne wa mji ule waliambukizwa. Wala haukuwa mwaka wa mvua, ulikuwa wakati wa ukame, watu wamejiwekea maji ya akiba majumbani.

Akanitazama, akacheka kidogo. "Mwalimu, na hayo maji ya akiba yalikuwa wapi? Mabirika siku hizi mengi yamekauka, mengine yamepandwa maua. Maji yako katika mapipa na madumu ya plastiki. Nani amemtia samaki ndani ya pipa?"

Sikuwa na jibu. Na tangu siku hiyo nimeona kwamba jambo hili si la Lamu wala la Frere Town peke yake. Kule Malindi, ambako majumba mengi ya wageni hubaki matupu msimu wa mvua, watafiti waliopita mji ule mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakichunguza mbu wanazaliana wapi walikuta kwamba mabwawa ya kuogelea yasiyotumika ni miongoni mwa vizalia vyao vikubwa, wakiwamo mbu wa malaria. Bwawa linalotumika halikuwa shida. Shida ni lile lililoachwa.

KAZI YA SIKU TANO

Kesho yake nilimtafuta fundi aliyezeekea katika mabwawa ya mahoteli. Neno langu la kwanza kwake lilikuwa, "Tuyamwage yote tuanze upya." Akanikatalia kwa sababu mbili, na zote mbili nawaomba wasomaji wazishike.

Kwanza, ardhi ilikuwa imeshiba mvua. Bwawa tupu ndani ya ardhi iliyojaa maji hutaka kuelea kama dau. Maji ya chini hulisukuma juu, sakafu ikapasuka, na pengine bwawa zima likanyanyuka. Maji yaliyomo ndiyo nanga yake. Kwa hiyo bwawa halimwagwi wakati wa masika.

Pili ni israfu. Bwawa la shemeji lina urefu wa mita 10, upana mita 5, na kina cha mita 1.4 kwa wastani. Hizo ni lita 70,000. Nilipiga hesabu nikaona ni madumu 3,500 ya lita 20. Mombasa hii maji yetu hutoka mbali, yale ya Mzima yakiletwa kwa bomba tangu mwaka 1957, na mengine Baricho na Marere, na hata hivyo mifereji hukauka kwa siku kadhaa, tukabaki kuwangoja watu wa mikokoteni. Yule mama mjane hununua madumu manne kwa siku. Kuyamwaga madumu 3,500 kwa uvivu wangu, halafu kuyanunua mengine, kungekuwa kosa juu ya kosa.

Basi tukayatibu. Tulianza kwa kuuondoa mpira na kulikunja turubai, maji yake tukayamwaga mbali juu ya mchanga mkavu, viluwiluwi vikafa. Tukavua majani kwa wavu. Fundi akapima ukali wa maji kwa matone ya rangi. Kipimo chema ni kati ya 7.2 na 7.6, na letu lilikuwa limepanda juu mno. Kikiwa juu, alinieleza, klorini hupoteza makali yake, ukawa unatupa fedha majini. Akakishusha kwa asidi kidogo kidogo, akiimimina asidi ndani ya ndoo ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Kipimo kikiwa chini, hupandishwa kwa magadi yaliyosafishwa, jamaa wa yale yanayochimbwa kwetu Ziwa Magadi.

Saa nyingi baadaye, baada ya Magharibi, ndipo alipotia klorini ya unga, kilo mbili, iliyokorogwa ndani ya ndoo za maji. Kwa nini usiku? Kwa sababu jua huila klorini, na ukiitia mchana sehemu kubwa hupotea hewani kabla ya kufanya kazi. Mtambo ukazunguka usiku kucha, nasi tukasugua kuta kwa brashi. Alfajiri, kijani kilikuwa kimekufa, maji yamekuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Usiku wa pili tukarudia. Siku ya tatu akanyunyiza dawa iliyo ndugu wa shabu, ile ya vinyozi, akazima mtambo. Uchafu wote ukajikusanya ukatua chini kama vumbi, naye akaufyonza taratibu kwa bomba na kuutoa nje. Siku ya tano mzee wa Lamu alikuja, akatupa shilingi kumi upande wa kina kirefu. Tukaiona imelala chini, hata upande wake wa juu unasomeka.

"Maji yasiyoonyesha chini," alisema, "usimruhusu mtoto ayaingie." Na hilo nalo ni kweli tupu, maana anayezama katika maji ya kijani haonekani hata ukisimama juu yake.

MLANGO WA PILI

Kazi moja ilikuwa imebaki, nayo haikuhitaji klorini. Nilikwenda kwa mama yule mjane. Nilimkuta akimenya viazi, binti yake kaegemea mlango anasoma. Nikamweleza yote, turubai, mikunjo, viluwiluwi. Nikamwambia kwamba sina njia ya kujua kama mbu aliyemuuma mtoto alitoka kwangu, lakini pia sina njia ya kukana.

Alinyamaza kitambo kirefu. Hakunitukana. Akasema, "Mwalimu, ulikuja hapa ukakaa mkekani ukalaumu mitaro."

"Ndiyo, mama."

"Basi siku nyingine tutizame kwanza uani kwetu." Akainuka, akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha mapipa mawili ya maji ya akiba. Moja halikuwa na kifuniko. Hatukusema mengi. Nilirudi jioni na kipande cha wavu na kamba tukalifunga.

YA KUFANYA KIPUPWE HIKI

Sasa, msomaji uliyeachiwa bwawa la mwenyewe, au mwenye bwawa lako, haya ndiyo ninayoyafanya kila mwaka tangu hapo. Mtambo siuzimi. Wakati wa kaskazi, watu wakiogelea, huzunguka saa nane au zaidi kwa siku. Wakati wa kipupwe naupunguza hadi saa nne au tano, na bili hushuka bila maji kuharibika. Klorini naipima mara mbili kwa juma na kuiweka kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Mvua kubwa ikinyesha napima tena siku hiyo hiyo, kwa kuwa mvua huidhoofisha dawa na huleta vumbi na majani ambayo huilisha mimea midogo ya kijani. Kikapu cha kunasia majani nakimwaga, chujio la mchanga naliosha kwa kuyarudisha maji kinyume, na kuta nazisugua kila Ijumaa baada ya Alasiri. Turubai nimelitupa. Badala yake nimetandika wavu wa kukaza usiotuamisha maji, na bwawa nimelizungushia ua wenye kijilango cha kufungwa.

Dawa zenyewe ziogopwe. Klorini na asidi zisikae kabati moja, wala aina mbili za klorini zisichanganywe, kwa sababu hutoa moshi wa kuua na huweza kuwaka. Ziwekwe pakavu, penye kivuli, mbali na mikono ya watoto.

Na ikiwa mwenye nyumba hatumi fedha ya stima wala ya dawa, basi afadhali kuacha klorini kabisa na kurudi kwa wazee wa Lamu, yaani kutia samaki. Kule Kisii, jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba ngege waliotiwa katika mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94. Ila ukumbuke kwamba samaki na klorini hawakai nyumba moja, na bwawa lililo na samaki si la kuogea tena mpaka litibiwe.

Mwisho nina neno kwa ndugu zetu walioko Maskati, Dubai, London na kwingineko. Mnatuachia funguo, mnatutumia fedha Novemba ili nyumba ipendeze mkija Disemba. Tunashukuru. Lakini bwawa halihesabu siku zenu za likizo. Miezi ambayo hampo, na hakuna anayeogelea, ndiyo miezi linapohitaji mtu. Mkituachia funguo, tuachieni na gharama ya kipupwe.

Shemeji yangu nilimwambia hivyo hivyo alipokuja Disemba hiyo. Alinisikiliza akiwa ameketi ukingoni, miguu majini. Kisha akaniomba nimpeleke mlango wa pili akamjulie hali yule binti.